Mama Amepumzika, na Mtoto Je?

Mama yangu aliniuliza kitabu ninachosoma kinaitwaje, nikamdanganya. Yaani, si uongo wa moja kwa moja. Nilimwambia ni maisha ya mwigizaji mmoja wa Marekani, jambo ambalo ni kweli, kisha nikakilaza kifudifudi juu ya meza ili asione jalada. Kiingereza cha mama si kingi, lakini kinatosha kuelewa maneno matano yaliyoandikwa pale: I'm Glad My Mom Died. Nina miaka thelathini na kitu, nafanya kazi ya uandishi wa habari, nimewahi kuwauliza wakubwa maswali ambayo hayaulizwi. Kumtafsiria mama yangu kichwa cha kitabu kulinishinda.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu. "Nafurahi mama yangu amekufa" ndiyo maana yake, hakuna ubishi. Ila hebu isome kwa sauti. Kwanza hilo neno "kufa". Kwetu kuku anakufa, betri inakufa. Mzazi anafariki, anatutoka, anatangulia mbele ya haki. Ukiweka lugha ya adabu unapata "Nafurahi mama ametangulia mbele ya haki", na hapo msomaji ataelewa kinyume kabisa, atadhani ni mtoto mcha Mungu anayeamini mama yake yuko peponi. Nikajaribu "Afadhali mama alikufa". Hiyo imekaribia, lakini "afadhali" inapima mabaya mawili, haibebi ile furaha.

Halafu nikakumbuka kwamba tunayo sentensi ya jirani yake, na misibani tunaisema kila siku: "Mungu amempumzisha." Mtu ameugua miaka mitatu, amegeuzwa kitandani asubuhi na jioni na binti zake, siku akifariki ndugu na majirani wote wanasema amepumzika. Kila aliyekaa kwenye jamvi anajua kwamba na hao mabinti wamepumzika. Hilo halisemwi. Nafuu inaruhusiwa mdomoni ilimradi tumkabidhi aliyekufa. Na neno lenyewe, marehemu, asili yake ni Kiarabu, maana yake aliyepewa rehema. Kwa hiyo kabla hujataja hata jina la mtu, lugha imeshamwombea msamaha.

Jennette McCurdy amefanya kitu kimoja tu: ameichukua ile nafuu akajipa mwenyewe.

Kwa wasiomfahamu, alizaliwa California mwaka 1992, akiwa mtoto wa mwisho na wa kike pekee mbele ya kaka watatu, katika familia ya waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Alianza kuigiza akiwa na miaka kama sita hivi, kwa sababu mama yake, Debra, alitamani kuwa mwigizaji enzi zake na wazazi wake hawakumruhusu. Waliokuwa na ving'amuzi vya kulipia miaka ile watamkumbuka kama Sam Puckett wa iCarly, tamthilia ya vichekesho ya Nickelodeon iliyorushwa kuanzia 2007 hadi 2012: yule msichana mtukutu, mbabe, ambaye kila ukimwona ana kipande cha nyama mkononi. Shika hilo la nyama, tutalirudia. Baadaye akaigiza Sam & Cat pamoja na Ariana Grande, ikaisha 2014. Mwaka 2020 akaanzisha podikasti iitwayo Empty Inside, na mwaka uliofuata akasema humo kwamba uigizaji ameuacha na kwamba aliwaonea aibu wahusika aliowacheza. Agosti 2022 kitabu kikatoka. Wiki ya kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya 200,000. Mwaka 2023 akaja na podikasti nyingine, Hard Feelings, ambamo anazungumzia zile hisia ambazo mtu huona haya hata kujikiri mwenyewe kwamba anazo.

Ndiyo, kichwa cha kitabu kinauza. Na lile jalada nalo: yeye mwenyewe ameshika chombo cha majivu cha rangi ya waridi, kimejaa vikaratasi vya sherehe. Mtu akisema ni utovu wa adabu uliotengenezwa ili ufanye biashara, simlaumu. Nilianza kusoma nikiwa na wazo hilohilo.

Lakini kitabu kinafungukia hospitalini. Mama hana fahamu, saratani imemmaliza, na watoto wake wanne wanapokezana kumnong'oneza habari njema, kila mmoja akitumaini yake ndiyo itakayomwamsha. Zamu ya binti inafika. Ana miaka 21, ni maarufu, angeweza kusema lolote. Anachomwambia mama yake ni kwamba sasa amekonda kabisa, ameshuka hadi ratili 89. Ni kama kilo 40. Anaamini kwa moyo wote kwamba hilo ndilo litakalomfumbua macho. Mama haamki.

Ukishasoma hapo, kichwa cha kitabu kinabadilika mkononi mwako.

Maana hesabu ya kilo ilianza mbali. Akiwa na miaka 11 aliona mwili wake umeanza kubadilika akaingiwa na hofu, kwa sababu mtoto anayebaki mdogo anapata kazi nyingi zaidi za kuigiza utoto, na kwa sababu mama alimpenda akiwa mdogo. Akamuuliza mama namna ya kuzuia. Mama akamfundisha kupunguza kalori. Wakawa wanahesabu pamoja, wanapima uzito pamoja, mama anamzungushia mapaja utepe wa kupimia. Ilikuwa, kwa mtoto yule, raha ya kuwa na siri moja na mama. Sasa rudi kwa Sam Puckett na kipande chake cha nyama. Mamilioni ya watoto duniani walicheka na msichana asiyeshiba, na aliyekuwa akimcheza alikuwa na njaa.

Yapo mengine. Mama aliendelea kumwogesha hadi alipokuwa msichana mkubwa, wa umri wa sekondari. Nyumba ilijaa vitu visivyotupwa hata vyumbani hapakulalika, watoto wakalala sebuleni juu ya magodoro ya mazoezi. Kila Jumapili baada ya ibada familia iliketi kutazama mkanda wa video wa zamani, uliopigwa wakati mama alipougua saratani mara ya kwanza. Jennette kwenye ule mkanda ana miaka miwili na anaimba wimbo wa Krismasi kwa furaha zake za kitoto, na kila Jumapili anakumbushwa kwamba wenzake walikuwa na majonzi, yeye anaimba. Miaka miwili! Alishahukumiwa kwa kufurahi wakati usiofaa kabla hajajua kuvaa viatu.

Na ipo ile barua pepe. Binti ameshakuwa mtu mzima, amepigwa picha na wapiga picha wa udaku akiwa Hawaii na mwanamume. Mama anamwandikia matusi ambayo sitayaweka hapa, anamwambia amekuwa kiumbe asichokitambua. Mwisho kabisa, chini ya jina lake, anakumbushia atumiwe hela za friji mpya, la nyumbani limeharibika.

Nilicheka kwenye hilo la friji. Nikajiona mbaya, nikacheka tena.

Sasa tuje kwenye swali. Kuna wanaosema mama ni mama. Sisemi kwa kejeli, mimi nimelelewa ndani ya sentensi hiyo. Tunaambiwa pepo ipo chini ya nyayo zake. Tunaambiwa kuna radhi, na ukiikosa radhi ya mama hata biashara ya maandazi haisimami. Msingi wa hoja ni kwamba mtoto ana deni lisilolipika: tumbo, uchungu, titi. Kwa sababu halilipiki, halina pia mahali pa kuhesabiwa. Mkopeshaji hawezi kukosea.

Tatizo la hoja hii ni kwamba inamhitaji mama awe anatoa na mtoto awe anapokea. Kwa akina McCurdy mto ulipanda mlima. Mtoto ndiye aliyekuwa akiingiza fedha nyumbani. Wamarekani wenyewe walishaiona hatari hiyo zamani. Jackie Coogan, yule mtoto aliyeigiza na Chaplin kwenye The Kid mwaka 1921, alipokuwa mtu mzima akakuta mapato yake yameliwa na mama yake na baba wa kambo, akawapeleka mahakamani, na mwaka 1939 California ikatunga sheria ya kulinda fedha za watoto waigizaji. Leo sehemu ya mapato, asilimia 15, lazima iwekwe akiba kwa jina la mtoto. Basi sheria ikaweza kulinda pesa. Paja la mtoto linalozungushiwa utepe chumbani halina akaunti benki.

Tuna methali kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunaitumia kama tishio, na kwa kawaida iko sahihi. Huyu alifunzwa vizuri mno na mamaye. Baada ya mama kufariki Septemba 2013, kujinyima chakula kukageuka kula bila kipimo na kujitapisha, pombe ikaingia, na ikabidi ulimwengu, yaani wataalamu wa saikolojia, umfundishe upya kwamba sahani ya chakula si mtihani. Mtaalamu wa kwanza alipogusia tu kwamba huenda mama alimtesa, Jennette aliacha kwenda. Hakutaka kusikia. Ningependa wale wanaomwita mtovu wa shukrani wakumbuke hilo: alimtetea mama yake kuliko watakavyowahi kumtetea wao. Utotoni, kila siku ya kuzaliwa, ile dua unayoomba kabla ya kuzima mishumaa aliitumia yote kuomba mama aishi mwaka mmoja zaidi.

Kwa hiyo "kufurahi" hapa si kutamani. Kuna mtu anayeombea mzazi afe, na kuna mtu aliyeomba asife, akafa, na miaka baadaye akatazama nyuma akakiri kwamba laiti dua yake ingekubaliwa, yeye asingekuwepo. Hawa ni watu wawili. Wa kwanza ana kesi ya kujibu. Wa pili anatoa ushahidi.

Hapo kwenye ushahidi ndipo kazi yangu inaponiletea pingamizi zito kuliko la radhi. Sisi waandishi tumefundishwa kwamba unayemtuhumu lazima umpe nafasi ya kujibu. Marehemu hapokei simu. Debra McCurdy hatasema kamwe kwamba alikuwa maskini, kwamba aliishi na saratani, kwamba pengine naye aliwahi kuhesabiwa kalori na mtu. Je, ni haki?

Nimelifikiria hili sana, na nadhani jibu la McCurdy liko kwenye namna alivyoandika zaidi kuliko alichoandika. Sehemu yote ya utoto ameiandika kwa wakati uliopo na kwa akili ya mtoto. Hakuna mtu mzima anayesimama pembeni kukunong'oneza, "Unaona unyama huu?" Mtoto anatueleza jinsi mama alivyo mzuri, jinsi anavyonukia, jinsi anavyojitolea kumpeleka kwenye usaili wa filamu kwa masaa barabarani, na anamwamini. Wakili bora wa Debra ndani ya kitabu ni binti yake mwenye miaka minane. Sisi wasomaji ndio tunaosoma kwa meno yaliyobanwa. Sijui njia ya haki kuliko hiyo ya kumwandika mtu asiyeweza kujibu. Kwa upande wa sanaa, kurasa za mwisho mwisho, za matibabu, zinakimbia, na nilihisi mwandishi anataka kutoka humo haraka. Lakini kurasa za utotoni zinatosha kukibeba kitabu kizima.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa ukoo wetu alifariki. Kwa kuwa mimi ndiye "mwandishi" wa familia, nilipewa kazi ya kuandaa wasifu wa marehemu wa kusomwa kabla ya mazishi. Tarehe ya kuzaliwa, shule, kazi, watoto, wajukuu. Kisha inakuja ile aya ya sifa, ambayo kila msiba unayo. Nikaandika kwamba alikuwa mlezi mwema aliyeipenda familia yake. Usiku nikamsomea binti yake mkubwa, ambaye namwita dada.

"Isome tena hapo," akaniambia.

Nikasoma tena.

Akakaa kimya. Ukoo mzima ulijua mkono wa yule mzee. Alipoingia kwa mlango wa mbele, watoto walitokea wa nyuma. Likizo nilizokwenda kwao, nami nilitokea huo huo.

"Weka, mdogo wangu," akasema. "Watu watataka kusikia hivyo."

Nikaweka, ikasomwa, watu wakaitikia. Sidai kwamba ningeandika vinginevyo. Msibani si mahakamani, na jeneza likiwa wazi si wakati wa kuhesabu bakora. McCurdy mwenyewe alikaa miaka tisa kati ya kaburi na kitabu, na katikati hapo alipitia jukwaani kwanza, kwenye onyesho la peke yake lenye jina hilohilo, lililokatishwa na korona mwaka 2020. Lakini kama msibani sipo, ni wapi? Siku ya arobaini? Kwenye kikao cha mirathi? Kimya chetu hakina tarehe ya mwisho, na aliyebeba uzito wake ni dada, siyo mimi niliyeshika kalamu.

Ndipo nikajiuliza kile kimya kilikuwa kinamlinda nani. Yule mzee alikuwa ameshafika kwa Mola wake, na huko sidhani wanatumia wasifu niliouandika. Waliobaki na cha kuficha walikuwa wale baba wadogo walioona, shangazi waliosikia, jirani aliyeongeza sauti ya redio. Na mimi, ambaye tangu utotoni nilijua kwa nini ule mlango wa nyuma haukufungwa komeo. Kwa McCurdy ni vilevile. Mtoto yule hakuishi kisiwani. Kulikuwa na baba ndani ya nyumba (ambaye baada ya msiba aligundua kuwa si baba yake wa kumzaa), kulikuwa na kanisa, na kulikuwa na seti za televisheni zilizojaa watu wazima wanaolipwa kumtazama. Yeye anaandika kwamba baada ya Sam & Cat aliahidiwa dola 300,000 iwapo hatasema hadharani yaliyomkuta kwenye kituo kile, na akakataa. Angalau huko kimya kilitajiwa bei. Kwetu tunakitoa bure na tunakiita heshima kwa marehemu.

Mwishoni mwa kitabu anakwenda makaburini. Jiwe la mama limejaa sifa, neno juu ya neno, na yeye anasimama hapo anajiuliza kama kweli mama alikuwa hivyo vyote. Kisha anaondoka bila nia ya kurudi. Hakuna laana wala sherehe. Na bado anasema anam-miss. Nimelitafutia Kiswahili neno hilo nalo nikakosa; "kumkumbuka" halitoshi, maana kukumbuka hata maumivu unaweza. Anamtamani awepo na anashukuru hayupo. Mwenye kudhani mambo hayo mawili hayakai moyo mmoja, bahati yake.

Wiki iliyopita mama aliniuliza tena. Tulikuwa jikoni, anachambua mchicha. Safari hii nikamwambia kichwa cha kitabu kama kilivyo, kwa Kiswahili, na neno "amekufa" nikaliacha lilivyo. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nilijua kinachokuja: astaghfirullah, dunia imeisha, watoto wa siku hizi.

"Huyo mama," akasema, "alimfanya nini?"

Nikavuta kigoda nikaanza kumsimulia. Kwenye kalori alitikisa kichwa, kwenye mkanda wa video akaguna. Kwenye friji alicheka, kama mimi, halafu akaacha ghafla. Akarudi kwenye mchicha wake. Baada ya muda akauliza habari za yule dada, kama hajambo, na kama namba yake ya simu ni ileile.